Taka za Zahanati Zetu: Wajibu Usioishia Mlangoni



Mgonjwa akishachomwa sindano hushusha mkono wa shati, hushukuru na kwenda zake. Sindano inabaki. Nani ataishika baada ya muuguzi, na itaishia wapi? Swali hili linatuhusu sana sisi Wakatoliki, maana parokia na majimbo yetu mengi yana zahanati, vituo vya afya au hospitali.

Kutenganisha kwanza

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa katika kila kilo 100 za taka za kituo cha afya, takriban 85 ni taka za kawaida: karatasi, maboksi, mabaki ya chakula. Kama 15 tu ndizo za hatari. Lakini ukizichanganya, zote 100 zinakuwa za hatari. Ndiyo maana kazi huanzia pale pale taka inapozalishwa. Hapa Tanzania ndoo nyeusi au ya bluu ni ya taka za kawaida. Ya njano ni ya taka zenye maambukizi, kama pamba na bandeji zenye damu. Nyekundu ni ya zile zenye maambukizi makubwa zaidi.

Sindano

Sindano na vyembe huingia katika boksi gumu la usalama mara tu baada ya kutumika. Sindano haifunikwi tena kwa kifuniko chake, kwani hapo ndipo wengi hujichoma. Boksi likijaa robo tatu hufungwa, wala halifunguliwi tena.

Tahadhari hii ina sababu. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano iliyotumika kwa mwenye homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia asilimia 30. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Homa ya ini B ina chanjo, na mhudumu wa usafi anaihitaji sawa na daktari. Anayechomwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, asilikamue, kisha atoe taarifa mara moja. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi.

Moto na shimo

Vituo vingi vidogo hutumia kichomea taka cha matofali. Ili kiteketeze vizuri, WHO inashauri joto la nyuzi 850 hadi 1,100 za Selsiasi. Moto hafifu, hasa penye plastiki, hutoa moshi wenye sumu iitwayo dioksini. Kwa hiyo kichomea hupashwa joto kwanza kwa kuni kavu kabla ya kutiwa taka, na majivu hufukiwa katika shimo maalumu. Kuchoma taka shimoni bila kichomea hakutoshi: plastiki huungua, sindano hubaki na ncha yake, na watoto huja kuokota. Eneo lote linahitaji uzio na kufuli. Dawa zilizokwisha muda hazimwagwi chooni. Huteketezwa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Kondo la nyuma huwekwa katika shimo lake lenye mfuniko, mbali na kisima. Lakini mtoto aliyefariki tumboni hahesabiwi kuwa taka. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 inafundisha kwamba miili ya watoto hao iheshimiwe kama mabaki ya binadamu wengine. Wazazi waulizwe, na wapewe nafasi ya kumzika mtoto wao.

Sheria ya shimo

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kina sheria kuhusu mtu anayechimba shimo na kuliacha wazi. Ng'ombe au punda wa jirani akitumbukia, mwenye shimo atalipa. Hakuna anayeuliza kama alikusudia mabaya. Kuacha shimo wazi ni kosa tayari. Papa Fransisko naye, katika Laudato Si' namba 21, anazitaja taka za hospitali miongoni mwa zinazochafua nyumba yetu ya pamoja. Kama zahanati yetu inamponya mtoto mmoja ndani, na shimo lake linamchoma mwingine nyuma ya jengo, huduma yetu bado haijakamilika.

Tufanye nini?

Kamati ya afya ya parokia itembelee nyuma ya zahanati, isiishie mapokezi. Itazame uzio, kichomea, na miguu ya anayezoa taka: ana buti? Ana glovu nene? Amechanjwa? Bajeti itenge fedha za vitu hivyo kama inavyotenga za dawa. Anayejidunga insulini nyumbani aweke sindano zake katika kopo gumu lenye kifuniko na kulipeleka zahanati, asizitupe jalalani. Nanyi mafrateri, mnapokwenda kazi za kichungaji, mjue jina la mhudumu yule wa usafi, mmsalimie, na mmuulize anahitaji nini.

Mungu atubariki sote.