Miji Inajifunza kwa Miji: Wafanyakazi Nao Wawemo



Mara kwa mara tunasikia kwamba wakubwa wa mji wamekwenda ng'ambo kujifunza mambo ya utamaduni. Wakirudi, habari ni ile ile: litajengwa jumba kubwa. Jumba hufunguliwa kwa hotuba, kisha hukaa na kufuli. Huku kwaya ya tawi letu inafanya mazoezi chini ya mwembe baada ya zamu, na mvua ikinyesha tunatawanyika.

Hatupingi kujifunza. Kuuliza si ujinga. Lakini tunauliza: anayekwenda kujifunza ni nani, na anarudi na nini?

Tutazame Amerika ya Kusini. Mwaka 2004 Wizara ya Utamaduni ya Brazil, iliyoongozwa wakati huo na mwanamuziki Gilberto Gil, ilianzisha mpango wa Cultura Viva, maana yake Utamaduni Hai. Haikuanza kwa kujenga. Ilitafuta vikundi vilivyokwisha kufanya kazi mitaani na vijijini, vya ngoma, vya michezo ya kuigiza, vya kusoma. Vilivyochaguliwa vilipewa mkataba, fedha na vyombo vya kunasia sauti na picha.

Habari hizo zilifika Medellín, nchini Colombia. Huko, katika mtaa wa wanyonge wa Santa Cruz, vijana walikuwa wameanzisha kikundi cha Nuestra Gente, yaani Watu Wetu, mwaka 1987. Miaka ile ilikuwa ya risasi na watu waliogopa kutoka nje. Vikundi kama hicho vilitoka na maigizo yao. Wala havikungoja wakubwa wasafiri kwa niaba yao. Mwaka 2010 vikundi vya nchi mbalimbali vilikutana Medellín, vikaunda umoja ulioitwa Puente, yaani Daraja. Mwaka 2011 baraza la mji huo likapitisha sheria ndogo ya kusaidia utamaduni wa mitaani. Mwaka 2013 mji wa Lima, nchini Peru, ukapitisha ya kwake.

Makosa nayo ni somo. Huko Brazil vikundi vidogo vilidaiwa hesabu kama kampuni kubwa, na vingine vikakwama kwa sababu ya karatasi. Ndipo mwaka 2014 ikatungwa sheria ya kurahisisha hesabu hizo, ili kitazamwe zaidi kile kilichofanyika.

Hapo ndipo tulipojiona sisi wenyewe. Tuliwahi kuomba msaada wa ngoma na sare katika ofisi moja. Tukaambiwa tulete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Malipo ya mkaguzi yalipita bei ya ngoma zenyewe. Tukarudi mwembeni.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, msafara wowote wa kwenda kujifunza uwe na mjumbe wa vikundi. Pili, fedha za utamaduni zitengewe vikundi vilivyopo kabla ya kujenga jumba jipya. Tatu, fomu ziwe fupi, na kwa lugha tunayoielewa.

Ndugu, kila tawi liandike orodha ya vikundi vyake: watu wangapi, wanakutana wapi, wanahitaji nini. Orodha hizo tuzilete mkutanoni, tuzipeleke kwa wakubwa kwa pamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.