Muhali na Nambari ya Siri

Katika shehia zetu, Unguja na Pemba, limezuka jambo ambalo halifai tena kunyamaziwa. Wananchi wanaibiwa fedha zao na majina yao, na wanaibiwa bila ya mlango kuvunjwa wala dirisha kutikiswa. Mwizi wa leo hana haja ya kungojea usiku. Anapiga simu saa nne asubuhi, anatoa salamu kamili, anauliza hali ya watoto, kisha anaomba tarakimu sita tu. Na mwenye mali, kwa ulimi wake mwenyewe na kwa moyo safi, anampa.

Yafaa tueleze kwanza yaliyokifika kikundi kimoja cha akina mama wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambacho mwandishi wa makala haya anakifahamu kwa karibu kwa kuwa ni mlezi wake. Kila Ijumaa wanachama huchanga kidogo walichojaaliwa. Mshika fedha huandika katika daftari, na matangazo hupitishwa katika kundi lao la WhatsApp. Siku moja mshika fedha alipigiwa simu na kijana aliyejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu. Aliambiwa kwamba laini yake ina kasoro na kwamba itafungwa adhuhuri. Ili isifungwe, ataletewa ujumbe wenye tarakimu sita, naye azisome kwa sauti. Ujumbe ukaja. Akazisoma. Haikupita nusu saa, wenziwe wakaanza kupokea maneno kutoka kwa jina lake na picha yake ile ile: mtoto amelazwa ghafla, nisaidieni shilingi elfu hamsini, nitarejesha kesho inshallah. Wanne wakatuma.

Tulipokaa baadaye kuyachunguza mambo, niliwauliza wale wanne kwa nini hawakumpigia kwanza. Mmoja wao, mtu mzima mwenye wajukuu, alinijibu kwa neno moja ambalo limenisumbua tangu siku hiyo: "Niliona muhali."

Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Muhali ndio unaomfanya mtu apokee mgeni aliyefika wakati chakula ni cha watu watatu. Ndio unaomzuia jirani kumdai jirani mbele za watu. Tumelelewa nao chuoni na majumbani, na hatuoni haya kuwa nao. Lakini hapana shaka kwamba laghai naye ameusoma muhali wetu, na ameusoma vizuri kuliko wengi wanaopita kutoa semina. Anajua kwamba Mzanzibari akiombwa kwa adabu huona vigumu kusema "sikupi", na akiombwa na anayedhani ni ndugu yake, huona aibu kuuliza "wewe ndiye kweli?" Ulaghai wote wa namna hii, ukiutazama kwa makini, haushambulii mashine. Unashambulia adabu.

Basi na ieleweke tarakimu zile sita ni kitu gani. WhatsApp huzituma kwa nambari ya simu kila mara mtu anapojaribu kuiandikisha nambari hiyo katika simu nyingine. Ni swali linaloulizwa kwa mwenye laini: huyu anayedai kuwa ni wewe, ni wewe? Anayezisoma kwa mtu baki amemtolea ushahidi kwamba yeye ndiye. Hapana kampuni ya simu, benki wala ofisi ya Serikali iliyo na haja ya kuambiwa tarakimu hizo, kwa sababu hazikutungwa kwa ajili yao. Tangu mwaka 2017 WhatsApp imeweka pia kufuli ya pili, yaani nambari ya siri ya tarakimu sita anayoichagua mwenyewe mwenye akaunti, ambayo laghai hawezi kuipata katika ujumbe wowote. Kuiweka ni kazi ya dakika mbili katika mipangilio ya akaunti. Katika kikundi kile hapana hata mwanachama mmoja aliyekuwa ameiweka, na mlezi wao, tukiri hapa hadharani, naye pia hakuwa ameiweka.

Kadhalika kuna ule ujumbe ambao nchi nzima inaujua: ile pesa itume kwenye nambari hii, ile nyingine imeharibika. Unatumwa kwa maelfu bila ya kuchagua. Laghai hajui nani anadaiwa. Anajua tu kwamba katika watu elfu moja wapo wachache ambao asubuhi hiyo walikuwa wakikusudia kumtumia mtu fedha. Ujumbe wa aina hii usifutwe kimya kimya. Unapelekwa kwenye nambari 15040, iliyowekwa ili nambari za matapeli zifungiwe. Aidha mwananchi anaweza kubonyeza *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wapo watakaostaajabu kukuta laini wasiyoijua.

Sasa tuje kwenye nambari ya siri yenyewe. Nambari ya tarakimu nne ina namna elfu kumi za kupangika, na kwa kuwa mtandao wa fedha huifunga akaunti baada ya makosa machache, elfu kumi inatosha. Lakini mtu akichagua mwaka wake wa kuzaliwa, kama wafanyavyo wengi, zile elfu kumi zinapungua zikawa kama sitini tu, na kwa anayemjua ni moja. Neno la siri la barua pepe linahitaji nguvu zaidi, maana huko laghai hukisia kwa kompyuta, si kwa kidole. Mwaka 1979 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Morris na Ken Thompson, walichapisha matokeo ya kuyachunguza maneno ya siri 3,289 ya watumiaji wa kompyuta. Asilimia 86 yalikuwa ya kukisiwa kwa urahisi. Mwaka 2009 yalivuja maneno ya siri milioni 32 ya kampuni moja ya huko huko Marekani iitwayo RockYou, na lililoongoza, likiwa limechaguliwa na watu zaidi ya 290,000, lilikuwa 123456. Miaka thelathini ilipita na binadamu hakubadilika.

Dawa si kutunga maneno ya ajabu yenye alama za kila aina ambayo mwenyewe huyasahau kabla ya magharibi. Urefu ndio unaolinda. Maneno manne yasiyohusiana, yaliyookotwa ovyo, tuseme jina la samaki, chombo cha jikoni, rangi na kitendo, yanakumbukika kwa kichwa. Na iwapo yametoka katika orodha ya maneno elfu tano, namna za kuyapanga zinafika trilioni 625. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambayo zamani mwongozo wake ndio uliowafanya wafanyakazi duniani walazimishwe kubadili maneno ya siri kila baada ya muda, iliuacha ushauri huo mwaka 2017, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mtu anayelazimishwa hubadili 1 ikawa 2 na kuendelea na kazi zake. Lililo muhimu ni kwamba neno la barua pepe lisitumike mahali pengine popote, kwani mwenye kuishika barua pepe anaweza kuzifungua akaunti nyingine zote kwa kubonyeza "nimesahau".

Hapa hatuna budi kuzungumza na viongozi na watumishi wa umma, na tutazungumza bila ya kupakana mafuta. Katika masjala zetu jalada la siri lina kabati lake, kabati lina ufunguo, na ufunguo una mtu. Karani aliyefundishwa kazi hathubutu kuliacha jalada hilo juu ya meza akaenda kula. Lakini karani huyo huyo ameliandika neno la siri la kompyuta katika kipande cha karatasi na kukibandika chini ya kioo chake, na ofisi nzima inalitumia, pamoja na kijana aliyekuja kufanya mafunzo ya wiki sita akaondoka mwaka juzi. Barua za Serikali zinapitishwa katika anwani binafsi za barua pepe. Mkuu wa idara anahamishwa, panafanywa makabidhiano ya viti, mashine za kuchapia, gari na spea tairi, kila kitu kinatiwa saini. Akaunti ya idara inaondoka naye katika simu yake ya mfukoni. Baada ya miezi mitatu aliyempokea anamwomba tarakimu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu na sitaitaja ofisi.

Hii si siri, ni uzembe. Hati ya makabidhiano iwe na mstari wa akaunti, na siku mtumishi anapoondoka neno la siri libadilishwe kabla hajafika getini. Serikali ya Mapinduzi inayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGAZ; jambo la anwani rasmi lipelekwe huko, si kwa mpwa wa mkurugenzi anayejua kompyuta. Tangu Mei 2023 inatumika pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za watu zinazozagaa katika kundi la WhatsApp la ofisi zisichukuliwe tena kuwa mzaha wa kiofisi.

Pengine vijana watacheka wakiambiwa kwamba maradhi haya ni ya zamani kuliko Mapinduzi yetu. Mwaka 1962, katika chuo cha MIT huko Marekani, mtafiti aitwaye Allan Scherr, aliyekuwa amepangiwa saa nne tu za kompyuta kwa wiki, aliiagiza mashine imchapishie jalada lote la maneno ya siri ya wenziwe, ikamchapishia. Akawa anaingia kwa majina yao. Kompyuta ile ilijaa chumba. Leo iliyo katika kanga ya bibi wa mwani inaizidi nguvu mara nyingi, na jalada bado linaachwa wazi.

Majumbani nako kumeingia vyombo vipya. Nyumba za wageni, maduka na hata baadhi ya nyumba za kuishi zimewekwa kamera za ulinzi na visanduku vya intaneti, na fundi akishavifunga huviacha na neno la siri lililotoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 programu moja ya uharibifu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu maneno ya kiwandani yapatayo sitini tu, na kwa hayo ikateka kamera na visanduku kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vyombo hivyo vilitumiwa kuangusha huduma kubwa za intaneti Marekani. Mwezi uliofuata zamu ikawa ya Liberia, ambako kampuni ya simu ilishambuliwa kwa jeshi la kamera za watu wasiojua lolote. Mwingereza aliyehusika alihukumiwa kifungo cha miezi 32 huko London mwaka 2019. Kwa hiyo mwenye duka wa Darajani asiyebadili neno la kamera yake asidhani anahatarisha duka lake peke yake.

Liko jambo jingine ambalo Wazanzibari tulipaswa kulijua kuliko watu wote. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa cha Unguja kilikaa gizani miezi mitatu kwa sababu umeme wetu ulitegemea waya mmoja uliopita chini ya bahari, nao ukaharibika. Aliyeishi siku zile anakumbuka harufu ya mafuta ya jenereta na foleni za maji. Leo wengi wetu tumefungamanisha benki, barua pepe, WhatsApp, picha za watoto na nakala za hati za kiwanja na laini moja ya simu. Laghai akifanikiwa kuihamishia laini hiyo katika kadi yake, yote yanazimika kwa pamoja. Zipo programu za simu zinazotoa tarakimu mpya kila sekunde thelathini kwa kufuata saa ya simu yenyewe, bila ya kuhitaji ujumbe wala mtandao. Zinafanya kazi hata Tumbatu mnara ukiwa umelala. Akaunti inayokubali njia hiyo ifungwe kwa njia hiyo. Na tarakimu za akiba zichapwe katika karatasi, zitiwe katika sanduku pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, nayo inamgusa anayejifanya mtu mwingine na anayeingia katika mfumo asioruhusiwa, Bara na Zanzibar. Lakini aliyetapeliwa elfu hamsini haendi polisi. Anaona aibu mbele ya watoto wake, na aibu ni ndugu wa muhali. Masheha na mabalozi wa Chama wawasaidie watu hawa kupeleka taarifa bila ya kuwacheka, na nambari iliyotumika iandikwe siku ile ile.

Mshika fedha wetu aliipata WhatsApp yake baada ya siku saba, kwani mwizi alikuwa amewahi kuiwekea ile kufuli ya pili ambayo yeye hakuiweka, na huo ndio muda wa kungojea. Fedha za wale wanne hazikurudi. Yeye alitaka kuzilipa kwa mwani wake wa msimu mzima. Wenziwe wamekataa, yeye ameshikilia, na shauri hilo halijamalizika. Lililokubaliwa ni kwamba hapana fedha itakayotumwa kwa maandishi matupu. Atakayeombwa atapiga simu na kuuliza swali ambalo jibu lake halijapata kuandikwa katika simu ya mtu yeyote. Ijumaa iliyopita nilituma ujumbe kuomba nipelekewe picha ya daftari la hesabu. Badala ya picha nikapigiwa simu na yule bibi mwenye wajukuu, akanisalimu kwa heshima zote, akaniuliza swali, akangojea. Nikajibu. Akaniambia nirudie, kwa kuwa hakusikia vizuri.