Mgongo unauma? Anza kuangalia nyonga

Umetoka Kangemi saa kumi na mbili na nusu, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, na Waiyaki Way imeganda hadi Westlands. Ukifika mjini, kazi ni kukaa tena mpaka saa kumi na moja. Jioni ni jam nyingine. Halafu usiku unajiuliza mbona kiuno kinauma kama cha guka na wewe una miaka 24.

Hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka wa 2020. Kwa takriban tisa kati ya kila kumi, hakuna ugonjwa mmoja wala jeraha moja linaloweza kutajwa kuwa chanzo.

Sasa misuli inaingia wapi? Kuna msuli unaoitwa soasi. Unaanzia kwenye pingili za chini za mgongo, unapita kwenye nyonga na kushika mfupa wa paja. Ndio unaoinua goti ukipanda matatu. Ukikaa, unafupika. Ukikaa siku nzima, unaposimama unahisi kiuno hakitaki kunyooka. Misuli ya nyuma ya paja nayo ikikaza, ukiinama kuchukua mtungi wa maji nyonga haisongi vizuri, mgongo unafanya kazi ya ziada.

Lakini usikimbilie kulaumu misuli. Mara nyingi ni kinyume: mgongo ukiuma, misuli ya karibu hujikaza kuulinda. Ndiyo maana kuna mtu amekakamaa kama mbao na haumwi popote, na mwingine anagusa vidole vya miguu bila shida lakini halali kwa maumivu. Usingizi mchache, mawazo ya rent na uoga wa kusonga pia huongeza uchungu.

Kwa hivyo kujinyoosha kunasaidia, ila pekee hakutoshi. Mwili unataka kusonga na kupata nguvu. Jaribu hivi:

Simama kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda kuchota maji tu.

Piga goti moja chini, sukuma nyonga mbele polepole, hesabu hadi 30, kisha badilisha mguu.

Lala chali, kunja magoti, inua makalio mara 10. Hii inajenga nguvu.

Shuka Museum Hill, umalizie kwa miguu hadi mjini.

Kulala kitandani wiki nzima hukakamaza mwili zaidi, na kumeza dawa za kemisti kila siku hakuondoi chanzo.

Ila ukihisi ganzi katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo, mguu ukilegea, au maumivu yakija na homa au baada ya kuanguka na boda, achana na mazoezi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.