Kubadilisha Betri Badala ya Kuchaji: Inalipa Wapi?

Kwenye kituo cha kampuni ya NIO nchini China, dereva hahitaji kushuka. Gari hujiegesha lenyewe juu ya jukwaa, mitambo iliyo chini yake hulegeza bolti, betri yenye uzito wa karibu nusu tani hushushwa, na nyingine iliyojaa chaji hupachikwa. Dakika tano hivi, safari inaendelea.

Kwa nini basi vituo hivyo havijaenea duniani kote? Ufundi haujawahi kuwa kikwazo. Mwaka 2013 Tesla ilionyesha jukwaani kwamba inaweza kubadilisha betri za magari mawili huku gari moja la petroli likijazwa tangi. Ikafungua kituo kimoja California, kisha ikaachana na mpango huo.

Kampuni ya Better Place ya Israel, iliyojaribu njia hiyohiyo, iliumia zaidi. Ilianzishwa mwaka 2007 na Shai Agassi, ikakusanya takribani dola milioni 850, lakini ni modeli moja tu ya gari, Renault Fluence Z.E., iliyoweza kutumia vituo vyake. Wanunuzi hawakufika hata 1,500. Mei 2013 ikafilisika.

Hesabu ya biashara ya kubadilisha betri ni chungu. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote kwenye gari la umeme, na kituo lazima kiwe na akiba yake. Kituo cha kizazi cha pili cha NIO huhifadhi betri hadi 13. Wateja wakiwa wachache, mtaji huo umelala. Tena kila kiwanda kina betri ya umbo lake, na baadhi sasa huiunda kuwa sehemu ya bodi yenyewe. Nani atakubali kufuata vipimo vya mshindani?

NIO imekwepa mtego huo kwa kutengeneza magari na kuendesha vituo yenyewe, na tangu 2020 mteja anaweza kununua gari na kukodi betri. Hata hivyo imeandika hasara mwaka hadi mwaka. Nayo kampuni ya BYD ilitangaza Machi 2025 chaja inayoongeza kilomita 400 hivi kwa dakika tano, kasi ileile ya kubadilisha.

Huku kwetu Afrika Mashariki hesabu inakaa vizuri zaidi kwenye pikipiki. Mjini Kigali na Nairobi, kampuni ya Ampersand inawabadilishia waendesha bodaboda betri zinazobebeka kwa mikono. Bodaboda hushinda barabarani, kila saa ya kusubiri chaji ni abiria aliyepotea, na betri ya aina moja inatosha kundi zima. Teksi na malori yanayorudia njia zilezile yanaweza kunufaika vivyo hivyo. Gari la familia linalolala nyumbani usiku kucha halihitaji kituo cha namna hii. Waya wa ukutani unalitosha.