Mji niliokwenda kuuchukia

Baada ya mkutano wa siku ya posho wengi wenu mliniuliza habari za safari yangu ya Zanzibar, na wengine mlicheka, kwa sababu mlikumbuka maneno niliyosema mbele ya kuondoka. Nilisema ninakwenda kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu tu, na kwamba mji ule sitaupenda hata siku moja. Leo ninaandika ili mnicheke vizuri.

Mnajua mdogo wangu ameolewa Dar es Salaam na kijana ambaye mama yake ni mtu wa Unguja. Ndoa ile haikumfurahisha mama yetu hapa Songo. Mama hakusoma sana, lakini habari za zamani alizipokea kwa wakubwa wake: watu wa pwani walikuja na bunduki na nguo, wakaondoka na watu. Kwake Zanzibar si mahali pa kupiga picha, ni mahali ambapo watu walikwenda wasirudi. Na mimi nilikuwa upande wa mama. Darasani, somo la historia likifika kwa Tippu Tip, sauti yangu inabadilika. Watoto wanajua.

Nilipanda boti la mizigo Kalundu mpaka Kigoma, kisha gari-moshi mpaka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200. Reli ile ilifika Kigoma mwaka 1914, na inafuata karibu njia ileile ya misafara, kupita Tabora mpaka pwani. Nilikaa dirishani nikila karanga na kuhesabu vituo. Wale wa zamani walitembea miezi, pembe za ndovu mabegani. Kadiri bahari ilivyokaribia, ndivyo hasira yangu ilivyoongezeka.

Mtoto nilimkuta mzima, mnene. Baada ya wiki mbili mama mkwe wa mdogo wangu akaniambia, “Mwalimu, huwezi kurudi kwenu bila kuona Unguja.” Nilikosa namna ya kukataa. Meli ilitumia saa mbili hivi, nami nilitapika saa moja na nusu.

Siku ya kwanza nilitembea Mji Mkongwe nikitafuta makosa, na anayetafuta makosa huyapata. Njia ni nyembamba, ukinyosha mikono unagusa nyumba za pande zote mbili. Kila duka linakuita. Milango ya kuchongwa ni mizuri, ndiyo, lakini mimi nilijiuliza ni pesa gani ziliilipa.

Kisha nikaenda Mkunazini, kwenye kanisa la Waanglikana. Soko la watumwa lilikuwa pale. Lilifungwa mwezi wa sita 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na siku ya Noeli ya mwaka uleule likawekwa jiwe la kwanza la kanisa. Ndani kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, kule Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa. Lakini kilichonikamata kiko nje. Kuna shimo, na ndani ya shimo sanamu tano za watu, mnyororo shingoni, na mnyororo ule ni wa kweli, wa wakati ule. Niliinama nikatazama nyuso moja moja. Nilikuwa ninatafuta mtu wa kwetu. Kijana anayeongoza wageni aliona machozi yangu, akanyamaza, akaningoja mpaka nilipomaliza. Nilitoka nikisema moyoni: mama alisema kweli.

Usiku tulilala Ng'ambo. Zamani mkono wa bahari ulitenganisha upande ule na Mji Mkongwe. Matajiri walikaa ndani ya nyumba za mawe, na watumwa na maskini walikaa ng'ambo ya maji, nyumba za udongo. Maji yale yalifukiwa, leo ni barabara. Jirani wa wenyeji wetu ni mama mzee sana, kila jioni anakaa nje kwenye baraza, na wote wanamwita Bibi. (Kwetu bibi ni mke wa mtu, basi mwanzoni nilikuwa ninauliza ni bibi wa nani.) Nilimsalimu “Jambo”, mtoto wa kike akanigusa kiwiko: “Sema shikamoo.” Nikasema.

“Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?”

“Uvira, Kongo. Mwisho wa Ziwa Tanganyika, kaskazini.”

Akanyamaza kidogo. “Ni karibu na Manyema?”

“Ni nyuma ya milima yetu, Bibi. Mbali kidogo.”

“Kutoka hapa si mbali,” akasema. “Babu yangu alikuwa Mmanyema. Aliletwa mtoto mdogo. Alikumbuka mto tu, kwamba kwao kulikuwa na mto mkubwa. Jina lake alilitaja siku moja ana homa, nami nilikuwa mtoto, likanipotea.”

Akashika mkono wangu, hakuuacha. Aliniuliza tunakula nini. Nilipomweleza sombe alipiga kelele: kumbe ni kisamvu! Aliniambia pia habari za Siti binti Saad, ambaye mama yake Bibi alimsikia kwa masikio yake. Wazazi wa Siti walikuwa watumwa, yeye mwenyewe aliuza vyungu, na mwaka 1928 alipelekwa Bombay kurekodi nyimbo zake, akasikika pwani yote.

Kesho yake niliamka nikiwa mtu mwingine, sijui niseme namna gani. Njia zilezile nyembamba nilizipita na kuwaza kwamba watu wetu walizaa hapa, walipika, walijenga, waliimba. Mji huu ni wa wajukuu wao pia. Soko la Darajani nilimwambia muuza samaki “aksanti”, akaita wenzake waje kusikia. Nilikasirika. Miaka mingi ninasahihisha watoto wa Songo, ni “maji”, si “mayi”, kwa sababu Kiswahili cha vitabuni kilisimikwa juu ya Kiunguja, na sasa wenye Kiunguja wananicheka! Yule mtu akasema, “Rudia, mama. Ni tamu.” Nikarudia, na mara nikacheka mimi. Nilikaa siku tano badala ya mbili.

Nyumba ya Tippu Tip iko Shangani. Nilipita mbele ya mlango wake. Sikuupenda, na hilo halijabadilika.

Nilimletea mama kanga. Siku tatu hakuzifungua. Siku ya nne alinikuta nikichambua ndagala, akauliza, “Yule mzee, babu yake aliletwa na miaka mingapi?” Nikasema hajui. “Na mto hajui?” Hajui. Mama akakaa chini, akachambua na mimi muda mrefu. Kisha akasema, “Wewe si mwalimu? Mwandikie mito yote ya kule. Akisomewa, labda sikio litakumbuka.”

Jioni ile nilifungua karta ya darasa la sita. Luama, Elila, Ulindi, Lowa, Lualaba. Niliyatuma kwa simu ya mdogo wangu ayapeleke Ng'ambo. Mama ananiuliza kila asubuhi kama jibu limefika.