Je, Wajua? Stadi Ikikatika Gurudumu la Nyuma

Gari-nyumba ni lori lililobebeshwa kitanda, jiko na tangi la maji. Yale ya Marekani ya miaka ya 1970 na 1980 bado yanatembea, na fundi anayeyahudumia hukutana mara kwa mara na stadi, yaani boliti za habu zinazofungwa nati za gurudumu, zilizokatika kwenye ekseli ya nyuma. Haya ni ya kujua kabla ya kushika nyundo. Mwenye Canter au basi dogo asome pia, maana yanamhusu.

Je, wajua kuwa gurudumu halining'inii kwenye stadi? Nati ikikazwa, stadi huvutika kidogo sana, na kwa kuwa inataka kurudi urefu wake, huibana rimu kwenye habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo. Ubano ukipungua, rimu huanza kucheza na stadi hupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka, mpaka siku inakatika.

Je, wajua kuwa sehemu kubwa ya nguvu zako huishia kwenye msuguano? Unapokaza nati, takriban asilimia 10 tu ya nguvu hiyo ndiyo inayovuta stadi. Iliyobaki humezwa na nyuzi na uso wa nati. Ndiyo sababu kutu au mchanga kwenye nyuzi hukufanya uamini umekaza, kumbe gurudumu halijabanwa.

Je, wajua kuwa stadi iliyokatika inaeleza kilichoiua? Itazame pale ilipokatikia. Ukiona sehemu laini yenye mistari iliyopinda na kupangana, kisha kipande kidogo kinachokwaruza, hiyo ilichoka polepole kwa sababu gurudumu lilikuwa limelegea. Ukiona imevutika na kuwa nyembamba kiunoni kabla ya kukatika, hiyo ilikazwa kupita kiasi, mara nyingi kwa mashine ya upepo.

Je, wajua kuwa baadhi ya stadi hukatwa na fundi mwenyewe? Mpaka katika miaka ya 1970, Dodge ilitengeneza magari ambayo magurudumu ya upande wa kushoto yalikuwa na nyuzi za kushoto: nati yake hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kulia. Magari-nyumba mengi ya enzi hiyo, yakiwemo ya Winnebago, yalijengwa juu ya chasisi za Dodge. Asiyejua huongeza bomba kwenye wilispana, anaegemea kwa uzito wote, na anachokifanya ni kukaza mpaka stadi inakatika. Safisha ncha ya stadi kwa brashi ya waya kwanza. Ukiona herufi L, zungusha kulia.

Je, wajua kuwa malori ya zamani ya Japani nayo ni hivyo hivyo? Katika mfumo wa zamani wa nchi hiyo, stadi za kulia zina nyuzi za kulia na za kushoto zina nyuzi za kushoto. Tairi mbili za nyuma hushikwa na nati mbili kwa kila stadi: ya ndani, yenye kichwa cha mraba, hushika rimu ya ndani, na ya nje hushika rimu ya nje. Ukitaka kukaza ya ndani, legeza kwanza ya nje. Anayekaza za nje peke yake anaiacha rimu ya ndani icheze bila kuonekana.

Je, wajua kuwa kuanzia 2010 malori mapya makubwa ya Japani yalihamia mfumo wa kimataifa, ambao nyuzi zote ni za kulia na nati moja hubana rimu zote mbili? Tangu hapo Japani imekuwa ikihangaika na magurudumu yanayochomoka, na linaloongoza ni la nyuma kushoto. Ajali hizo hujaa miezi ya baridi, baada ya watu kubadilisha tairi kwa ajili ya theluji. Huko huendeshwa upande wa kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo nasi tulikague zaidi gurudumu hilo.

Je, wajua kuwa stadi ikikatika, jirani zake nazo zimeumia? Mzigo wake huhamia kwa zile za kando. Kanuni ya watengenezaji wa rimu za malori ni hii: imekatika moja, badilisha hiyo na mbili zinazopakana nayo, zimekatika mbili au zaidi, badilisha zote za gurudumu hilo.

Je, wajua kuwa wingi wa tairi hauongezi nguvu ya ekseli? Viwanda vya Marekani viliwahi kujenga magari-nyumba madogo juu ya pikapu ya Toyota tunayoiita Hilux. Ya mwanzo yalifungwa tairi mbili mbili nyuma kwenye ekseli iliyokusudiwa tairi moja moja, yenye stadi 5. Mzigo ukaishinda ekseli, magurudumu yakachomoka barabarani. Dawa haikuwa stadi mpya bali ekseli nzito zaidi, yenye stadi 6.

Je, wajua kuwa namba 10.9 kwenye stadi ni ahadi? Chuma hicho hubeba takriban kilo 100 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika, na huanza kuvutika bila kurudi kikifika asilimia 90 ya hapo. Nguvu hiyo imetokana na kuchomwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani. Fundi akiiunga kwa kuchomelea, moto wake unaifuta. Stadi iliyochomelewa haifai kubeba gari lenye watu.

Je, wajua kuwa tangi la maji la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200? Limwage kabla ya kupiga jeki. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, tegesha gari kwenye stendi imara, usifanye kazi gari likiwa juu ya jeki peke yake.

Je, wajua kuwa kwenye ekseli nyingi nzito unaweza kuchomoa shafti bila kuinua gari? Uzito umebebwa na habu na beringi zake; shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Lakini kutoa stadi ni lazima habu itoke, na oili ya difu itamwagika. Weka sili mpya, rekebisha beringi kwa kipimo cha gari hilo, na kagua viatu vya breki. Vilivyolowa oili havitashika; badilisha.

Je, wajua kuwa stadi haikai kwa uzi bali kwa meno? Shingo yake ina meno yanayouma tundu la habu. Ya zamani itoe kwa presi ukiwa umeegemeza habu vizuri, si kwa kuigonga ikiwa bado kwenye beringi. Mpya iingie kwa presi mpaka kichwa kilale sawasawa. Ikiingia kwa urahisi, tundu limeliwa na habu haifai tena.

Je, wajua kuwa rangi nzito hulegeza gurudumu? Ikiachwa kati ya rimu na habu, husagika na kuondoka gari likitembea, na ubano huondoka nayo. Kwangua mpaka chuma safi.

Je, wajua kuwa stadi ya milimita 22 ya lori hukazwa kwa Nm 610 hadi 680? Hiyo ni sawa na mtu wa kilo 66 kuning'inia kwenye ncha ya bomba la mita 1. Stadi nyembamba hutaka pungufu, kwa hiyo fuata kitabu cha gari lako. Kaza kwa kuvuka, nati moja kisha inayoitazama, umalizie kwa spana yenye kipimo.

Je, wajua kuwa kazi haijaisha siku hiyo? Chuma kipya hujikalia na ubano hupungua. Kaza tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Baadaye, kila asubuhi ya safari, angalia michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kama miale. Ukiiona, nati hiyo imelegea.

Msomaji, stadi ni ya bei ndogo kuliko tairi, na gurudumu la lori lililochomoka huua mpita njia asiyejua hata gari ni la nani. Ukikuta moja imekatika, egesha gari. Usisafiri na zilizobaki.