Chuki Iliyojificha Katika Fomu ya Chuo

Sisi sote tuliopitia madarasa ya kisomo tunajua mtihani ni nini. Tunakumbuka jinsi moyo ulivyodunda siku ya kupokea majibu. Aliyeshindwa alijiuliza, "Je, sikusoma vya kutosha?"

Sasa mfikirie mtu aliyesoma usiku na mchana, kisha akafelishwa. Sababu si masomo. Sababu ni kwamba yeye ni Myahudi. Jambo hilo lilitokea katika chuo kikuu kimoja huko Marekani. Leo tunalieleza kwa sababu lina funzo kwa kila anayeongoza watu, awe mkuu wa chuo au mwenyekiti wa kijiji.

WAYAHUDI NA CHUKI DHIDI YAO

Wengi wetu tumesikia habari za Wayahudi katika Biblia na Kurani. Ni watu wenye dini yao na historia ya kale sana. Kwa karne nyingi waliishi wametawanyika katika nchi mbalimbali, wakiwa wachache kati ya watu wengi. Mara kwa mara walisingiziwa. Tauni ilipoingia Ulaya katika karne ya 14, watu walisema eti Wayahudi wametia sumu visimani. Wengi waliuawa kwa uongo huo.

Kumchukia mtu kwa sababu tu ni Myahudi ndiyo chuki dhidi ya Wayahudi. Chuki hiyo ilileta maafa makubwa kupita yote wakati Hitler alipotawala Ujerumani, tangu 1933 hadi 1945. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa. Lakini mambo hayakuanza kwa kuua. Mwaka 1933 serikali ilitunga sheria za kuwaondoa walimu Wayahudi vyuoni na kupunguza wanafunzi Wayahudi. Kwanza zilikuja karatasi. Mauaji yakafuata baadaye.

YALIYOTOKEA EMORY

Chuo Kikuu cha Emory kiko katika mji wa Atlanta, Marekani. Zamani kilikuwa na shule ya kufundisha madaktari wa meno. Tangu 1948 hadi 1961 mkuu wa shule hiyo alikuwa John Buhler.

Katika miaka hiyo asilimia 65 ya wanafunzi Wayahudi wa shule hiyo walifukuzwa au walilazimishwa kurudia masomo. Maana yake, katika kila Wayahudi watatu, karibu wawili walipatwa na hayo. Wengine waliambiwa kwamba mikono yao haifai kwa kazi ya meno.

Mmoja wao alikuwa kijana Perry Brickman. Alifukuzwa mwaka 1952, baada ya kusoma mwaka mmoja tu. Basi akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Tennessee. Huko alimaliza akiwa wa nne katika darasa lake! Akawa daktari wa upasuaji wa kinywa, akafanya kazi miaka mingi katika mji ule ule wa Atlanta. Kumbe mikono yake haikuwa na kasoro yoyote.

Lakini hakusema. Wenzake pia hawakusema. Kila mmoja aliona aibu, akadhani ni yeye peke yake aliyeshindwa. Wengine hawakuwaambia hata wake zao na watoto wao. Hivyo ndivyo ubaguzi unavyofanya kazi: humfanya aliyeonewa ajilaumu mwenyewe.

WAKUU WA CHUO WALIFANYA NINI?

Mwaka 1961 chama kimoja cha kutetea Wayahudi kilikusanya hesabu za waliofelishwa, mwaka hadi mwaka. Ikaonekana pia kwamba fomu ya kuomba nafasi ilimtaka mtu aseme yeye ni Mzungu, Myahudi au mwingine. Hesabu hizo zikapelekwa kwa wakuu wa chuo.

Buhler aliacha kazi. Lakini uongozi wa chuo ulikana kwamba sababu ilikuwa chuki dhidi ya Wayahudi. Hakuna aliyeombwa radhi. Jambo likafunikwa.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2006 chuo kilifanya maonyesho juu ya masomo ya Kiyahudi. Brickman alikwenda. Humo akaona mchoro wa zile hesabu za 1961. Miaka 54 ilikuwa imepita tangu afukuzwe. Ndipo alipojua kwamba hakuwa peke yake.

Akaanza safari. Aliwatafuta wenzake wa zamani, ambao sasa walikuwa wazee, akarekodi maneno yao. Kisha akapeleka ushahidi huo chuoni. Safari hii wakuu walisikiliza. Oktoba 2012 mkuu wa chuo, James Wagner, aliwaita wazee wale na jamaa zao, akawaomba radhi hadharani. Wengi walilia. Miaka yao haikurudi, lakini heshima yao ilirudi.

SASA HALI IKOJE?

Tatizo halijaisha. Oktoba 7, 2023, kundi la Hamas lilishambulia Israeli, na vita vikali vikaanza Gaza. Wanachuo wengi wa Marekani waliandamana kuwatetea Wapalestina. Miongoni mwao walikuwamo hata Wayahudi.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kuilaumu serikali ya Israeli kwa matendo yake si kuwachukia Wayahudi. Serikali yoyote hulaumiwa. Lakini kumtukana mwanafunzi, kumtisha au kumzuia njia kwa sababu ni Myahudi, hiyo ni chuki. Yeye si serikali ya Israeli.

Desemba 5, 2023, wakuu wa vyuo vitatu, Harvard, Pennsylvania na MIT, waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Waliulizwa kama kutoa mwito wa kuwaua Wayahudi wote ni kuvunja kanuni za chuo. Wakajibu kwamba inategemea mazingira. Watu wengi walikasirika. Mkuu wa Pennsylvania alijiuzulu siku nne baadaye. Wa Harvard alijiuzulu Januari 2024. Yeye alilaumiwa pia kwamba alinakili maandishi ya wengine.

Baadaye Harvard iliunda kamati mbili. Moja ilisikiliza Wayahudi na Waisraeli. Nyingine ilisikiliza Waislamu, Waarabu na Wapalestina. Taarifa zao zilitoka Aprili 2025. Pande zote mbili zilikuwa na wanafunzi walioishi kwa hofu.

Lakini dawa nayo inaweza kuzidi kipimo. Mwaka 2025 serikali ya Marekani iliinyima Harvard zaidi ya dola bilioni 2 za utafiti, ikisema chuo hakikuwalinda Wayahudi. Septemba mwaka huo jaji aliamua kwamba kufanya hivyo kulivunja sheria.

KIONGOZI AFANYE NINI?

Sisi tunaona mambo manne:

1. Ahesabu. Hesabu ndizo zilizofichua siri ya Emory.
2. Asikilize anayelalamika, hata akiwa mmoja.
3. Kanuni ziwe zile zile kwa wote. Kanuni inayomlinda Myahudi imlinde na Mwislamu.
4. Kosa likitokea, likiriwe mapema. Kusubiri miaka 50 ni kuwaacha wengine wafe bila kusikia neno la radhi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini Brickman na wenzake walinyamaza miaka mingi?
2. Kuilaumu serikali na kumchukia mtu kunatofautianaje?
3. Je, katika kijiji chetu yuko mtu anayenyimwa haki kwa sababu ya kabila au dini yake? Nani amehesabu? Nani amemsikiliza?